Safu ya Nne

Ufunguo wa kwanza niliokabidhiwa kazini ulikuwa wa kabati la kwinini, na nilikabidhiwa kwa sababu moja tu: masera aliyeutunza alikuwa ameangushwa na malaria. Masera ndivyo tunavyowaita watawa wa kike huku kwetu Kivu. Ilikuwa mwaka wa 1980. Nilikuwa na miaka 22, nina cheti changu cha uuguzi, A2, nimevaa sare aliyonishonea mama mdogo kwa kitambaa kilichopunguka, mkono wa kushoto mfupi kuliko wa kulia. Masera alinyoosha mkono kutoka ndani ya chandarua, akanipa ufunguo uliofungwa uzi wa bluu, akasema nisimpe mtu dawa bila kuandika, hata akiwa daktari. Nikauvaa shingoni pamoja na rozari.

Usiku uleule, saa nane hivi, baba mmoja aliingia kwa miguu kutoka upande wa Lwiro, mtoto yuko mgongoni, degedege limemshika. Siku nyingine zote ningemwekea mtoto kitambaa cha maji kwenye paji la uso, nikamtuma mlinzi avuke barabara mpaka kwa masera, agonge, abishane na mbwa, angoje masera avae, ndipo ufunguo uje. Nusu saa, kama mbwa ameamka vizuri. Usiku ule baba hakuwa amemaliza kunieleza homa ilianza lini, kwinini ilikuwa imeshaanza kushuka tone kwa tone. Kulipokucha mtoto aliomba uji.

Watu wakinisikia nikisimulia hapo hudhani nilifurahi. Nilikaa nikihesabu. Nilikuwa na miezi mitano kazini, na katika miezi hiyo nilikumbuka watoto wawili waliofika saa kama ile, na mbwa hakuwa ameamka vizuri.

Asubuhi nilinunua daftari la shule katika soko la Kavumu, nikalipiga mistari kwa rula. Safu ya kwanza: saa. Ya pili: kitanda. Ya tatu: ugonjwa. Ya nne niliipa kichwa cha herufi kubwa: KILICHOKOSEKANA. Wiki ya kwanza safu hiyo ilisomeka hivi: mafuta ya taa, damu, ufunguo, maji, ufunguo, mtu wa kushika mguu, ufunguo. Hakuna aliyeniagiza kuandika. Hospitali ilikuwa na rejista yake nzuri, jalada gumu, ambayo daktari aliisaini kila asubuhi, lakini ile iliandika kilichofanyika tu.

Kwa asiyepajua, Kavumu ni senta iliyo katika teritware ya Kabare, kilomita 30 hivi kaskazini ya Bukavu, kwenye barabara ya kwenda Goma. Wageni wengi wanaijua kwa uwanja wa ndege. Walikuwa wakishuka, wakipanda gari, wakielekea mjini bila kutazama kushoto wala kulia. Kulia wangeiona milima ya Kahuzi-Biega, mbuga ya magorila. Kushoto, chini, Ziwa Kivu. Kaskazini kidogo kuna Lwiro, ambako Wabelgiji walijenga kituo cha utafiti chenye majengo kama kasri la mfalme asiyekuwepo, na baada yake Katana, penye hospitali ya FOMULAC iliyoanzishwa na Chuo Kikuu cha Louvain enzi za ukoloni. Na vilimani ilipandwa miti ya kwinini. Magome yake yalishuka kwa malori hadi kiwanda cha Pharmakina mjini Bukavu, yakawa dawa iliyosafiri hadi Ulaya. Nikifungua daftari la mwaka wa 1981 nakuta neno «kwinini» katika safu ya nne ukurasa baada ya ukurasa, na dirisha la wodi yetu lilitazama kilima chenye miti hiyohiyo.

Uuguzi niliuingia kwa ajili ya bwaki. Ndilo jina letu la kwashiakori, ugonjwa wa mtoto aliyevimba miguu, nywele zimegeuka rangi ya mahindi, anayelia bila sauti. Wataalamu wa Lwiro waliuchunguza miaka mingi. Mjini Bukavu, miaka ya 1960, watu waliunda hata kamati iliyoitwa Comité Anti-Bwaki. Kwetu uliingia bila kamati. Ulimkuta mdogo wangu wa kiume akiwa na miaka mitatu, ulipotoka akabaki mfupi kuliko wenzake maisha yake yote. Muuguzi aliyemtibu alikuwa mwanamke mnene mwenye kicheko, na mama alimwita «munganga» kana kwamba ni daktari mkubwa. Mimi nikaona: kumbe mwanamke naye huitwa hivyo. Baba alikuwa na mpango wa ng'ombe wa mahari. Alikubali kungoja miaka minne, akangoja sita.

Mwaka wa 1986 nilipewa kituo cha afya. Serikali ya Zaire ilikuwa imeigawa nchi katika zone za afya 306, kila moja na hospitali yake ya rufaa na vituo vidogo chini yake, na kila kituo kiliongozwa na muuguzi anayeitwa kwa Kifaransa infirmier titulaire. Midomo yetu ikakata: titulere. Nikawa Mama Titulere. Mume wangu, mwalimu wa shule ya msingi, akawa Bwana wa Titulere. Alicheka wiki ya kwanza tu.

Kituo kilikuwa vyumba vinne, mkunga mmoja, mfagiaji mmoja na mlinzi aliyelala kuliko wagonjwa. Mshahara wa serikali ulikuja ukichelewa, halafu ukija hautoshi nauli ya kuufuata Bukavu, halafu haukuja. Mwaka wa 1987 mawaziri wa afya wa Afrika walikutana Bamako wakakubaliana kwamba mgonjwa achangie dawa na jamii isimamie fedha. Kwenye karatasi ni jambo zuri. Kwa titulere maana yake ilikuwa kwamba kuanzia sasa wewe ndiye serikali: ukikusanya vizuri kuna kwinini, ukikusanya vibaya hakuna.

Fedha nilijifunzia hapo, na mwalimu wangu alikuwa katekista mzee aliyekuwa mweka hazina wa kamati. Zaire, fedha yetu ya wakati ule, ilikuwa inayeyuka mkononi. Bei ya sabuni ya asubuhi haikuwa ya jioni. Mzee yule akatunga sheria ya maneno mawili: pesa isilale. Kila siku saa kumi alihesabu noti, na kabla jua halijatua zilikuwa zimegeuka kitu: sabuni, chumvi, maharage, vidonge, petroli ya chupa. Hesabu za kituo akaziandika kwa kilo za maharage, kwa kuwa, alisema, haragwe la mwaka jana na la mwaka huu ni haragwe. Oktoba 1993 serikali ilipotoa zaire mpya, moja kwa zaire 3,000,000 za zamani, nyumba nyingi barabarani zilikuwa na maboksi ya karatasi za kuwashia moto. Sisi tulikuwa na magunia manne na katoni ya kwinini. Msimamizi alipokuja kukagua aliandika pembeni mwa kitabu kwa kalamu nyekundu kwamba uhasibu huu si wa kawaida. Sikubishana naye, kwa sababu alisema kweli. Baadaye nimekaa darasani na maprofesa wa usimamizi, nimesoma mfumuko wa bei kwa michoro, sikupata la kuongeza juu ya mzee wa magunia.

Julai 1994 Wanyarwanda walivuka kwa mamia ya maelfu. Kambi zikaota kwenye barabara yetu, Kashusha na Inera, mahema ya bluu na meupe hadi jicho linapochoka. Mashirika yalikuja na magari na mishahara ya dola, na wauguzi wetu wakaenda huko. Sikuwalaumu wakati ule, siwalaumu leo. Wengine walikuwa na miaka bila kulipwa. Kituoni tukabaki mkunga na mimi. Kuhara damu kulikuwa kwa wageni na kwetu vilevile, kwa sababu maji ni yaleyale. Safu ya nne ya miezi hiyo ina neno moja linalojirudia: mikono. Sikumaanisha mikono ya kuoshwa.

Mwisho wa hayo unajulikana. Tarehe 6 Oktoba 1996 hospitali ya Lemera, kusini, ilivamiwa, wagonjwa na wauguzi wakauawa; habari ilipotufikia mkunga alikaa chini akavua viatu, hakusema neno. Tarehe 29 Askofu Mkuu Munzihirwa aliuawa Bukavu. Siku chache baadaye vita vilipanda barabara, kambi zikamwagika msituni, na sisi pia tukakimbia, mimi na watoto wanne na madaftari matatu ndani ya kitenge. Niliporudi kituo hakikuwa na mlango hata mmoja. Hata wa choo ulikuwa umeng'olewa. Madaftari niliyoyaacha yalipikiwa. Nilikuta vipande vya jalada jikoni, kando ya mafiga matatu.

Mwaka wa 2000, tukiwa chini ya utawala wa waasi wa RCD, hospitali niliyoanzia kazi iliniita niwe mkuu wa wauguzi wote, cheo kinachoitwa direktris wa nursing. Hospitali hiyo siitaji jina, kwa kuwa nitasimulia na makosa yangu humo, na wengi niliofanya nao kazi wako hai. Hospitali ya Kongo huongozwa na kamati: daktari mkurugenzi, daktari mkuu wa matibabu, mkuu wa wauguzi, na msimamizi wa mali na fedha anayeitwa administrateur gestionnaire, ambaye sisi tunamwita kwa herufi zake, AG. Jumatatu ya kwanza nilikuta viti vimepangwa. Changu kilikuwa karibu na mlango. Niliambiwa kwa upole kwamba ni kwa sababu muuguzi huitwa wodini mara kwa mara.

Nikakaa mlangoni, nikatoa daftari, nikasoma safu ya nne ya wiki nzima. Glavu. Balbu ya wodi ya watoto. Mtu mwenye funguo za maabara kati ya saa mbili usiku na saa moja asubuhi. Godoro. Balbu ileile. Jumatatu ya tatu daktari mmoja alinikatiza: «Mama, hii ni orodha ya lawama.» Nikamjibu, «Hapana, Docteur, ni orodha ya manunuzi.» Hakucheka, lakini balbu ilinunuliwa.

Yule daktari si ndiye aliyenisukuma shuleni. Aliyenisukuma alikuwa kijana, mpole, aliyeniambia baada ya mkutano, «Mama, unayosema juu ya fedha ni kweli, lakini watasema wewe ni A2.» Hakunitukana. Alikuwa ananisomea ngazi ya nyumba tuliyomo: A2 ni muuguzi wa sekondari, A1 wa chuo, A0 wa shahada, na mkutanoni mtu husikilizwa kwa herufi na namba yake kabla ya kinywa chake. Nikajiandikisha chuo cha ISTM cha Bukavu kusomea usimamizi wa taasisi za afya. Nilikuwa na miaka 43. Wanafunzi wenzangu waliniita Mama Mkubwa na kuniachia kiti cha mbele kwenye kamioneti. Kwa hiyo kule, angalau, sikukaa mlangoni.

Mwishoni mwa Mei 2004 nilikuwa mjini nikingoja kutetea kazi yangu ya mwisho wa masomo. Tarehe 2 Juni askari wa makamanda waasi Nkunda na Mutebutsi waliiteka Bukavu. Nilikaa siku saba katika nyumba ya mwanafunzi mwenzangu, wanawake tisa katika chumba cha ndani, na yaliyowapata wanawake wengine wa mji ule juma lile yameandikwa na kuthibitishwa, sitayarudia. Kazi yangu ilihusu utunzaji wa ghala la dawa. Kwa siku saba niliilalia kama mto. Nilipoitetea, miezi kadhaa baadaye, profesa aliniuliza kwa nini kurasa zimekunjamana. Nilimwambia zilinyeshewa.

Mwaka wa 2007 nikawa AG. Hapo ndipo pa juu kabisa mtu wa njia yangu anapoweza kufika, kwa kuwa kiti cha mkurugenzi wa hospitali kwetu ni cha daktari. Nimewahi kuulizwa kama jambo hilo liliniuma. Liliniuma Jumatatu, siku nyingine nilikuwa na kazi. Lakini nitasema ninachoamini: daktari mzuri na mkurugenzi mzuri ni vipaji viwili, na tumepoteza madaktari wengi wazuri kwa kuwageuza wakurugenzi.

Kiti cha AG kilikuja na funguo 19 kwenye pete ya chuma. Mmoja ulikuwa wa lango.

Msomaji wa Kongo tayari anajua ninakoelekea. Mama akijifungua kwa kisu na familia isiweze kulipa, hospitali nyingi zilimzuia. Hakufungwa kamba. Aliambiwa tu kwamba hawezi kutoka mpaka fakture ilipwe, na mlinzi langoni alikuwa na orodha. Nilipokuwa muuguzi nililichukia jambo hilo kwa moyo wote, na nililisema kwenye kiti changu cha mlangoni. Nilipokuwa AG, katika mwezi wangu wa kwanza, muuza dawa wa Bukavu alinionyesha deni letu, na wauguzi wenzangu wa zamani wakaja ofisini kuulizia prime zao, yaani posho. Nikaiacha orodha langoni. Nikajiambia ni kwa muda.

Kitanda namba 11 kilikuwa na mama wa Bushi ya juu, kutoka huko karibu na msitu, mtoto wake wa kwanza, mume ameenda machimboni na hajulikani aliko. Wiki tano. Alifagia wodi bila kuombwa. Alisaidia kuwaogesha watoto wa wengine. Nilipopita asubuhi alikuwa akinisalimu, «Asinge, Mama,» huku akitazama chini, na mimi niliitikia nikitazama mafaili yangu. Asubuhi moja hakuwepo. Kitandani alikuwa ameacha kitenge kimekunjwa vizuri, ndicho pekee alichokuwa nacho cha thamani, na ripoti ya usiku ilisema: mama wa 11 ameondoka, lango lilikuwa wazi.

Nilimwita mlinzi. Aliapa kwamba alifunga. Nilimkata mshahara miezi mitatu kufidia sehemu ya fakture. Alikuwa na watoto sita. Najua, kwa sababu wanne niliwapokea mimi mwenyewe walipozaliwa. Hakulalamika. Alikuwa wa rika la baba yangu mdogo, na aliniita «Chef» kwa heshima ileile kila asubuhi ya miezi hiyo mitatu.

Miaka mingi baadaye, kwenye sherehe ya kunipongeza kwa kustaafu, muuguzi mmoja aliyekuwa zamu ya usiku ule alinivuta kando, mkononi ana chupa ya Fanta. «Mama, lango nililifungua mimi. Ufunguo niliuchukua mezani kwako.» Nikamuuliza kwa nini hakusema mlinzi alipokatwa. Akasema alikuwa akimpa mzee yule nusu ya prime yake kila mwezi, na wote wawili walikubaliana nisijue. Mzee alikuwa ameshafariki. Nilikwenda kwa wajane wake wawili na fedha yote, pamoja na mbuzi. Walipokea mbuzi. Fedha walisema ilishalipwa.

Nirudi nyuma. Asubuhi ile ya kitanda 11 nilichukua daftari langu la zamani nikaona kwamba tangu niwe AG sikuwa nimeandika safu ya nne hata mara moja. Nilikuwa naandika safu nyingine, ya kilichoingia na kilichotoka. Juma lile niliiondoa orodha langoni. Tukaanza kuandikiana na familia malipo ya kidogo kidogo, kwa ushuhuda wa mkuu wa kijiji. Tukawashawishi akina mama wa soko waingie katika mutuelle, mfuko wa kuchangia kabla ya kuumwa. Tukakubali maharage na mkaa, na nikamkumbuka katekista wangu. Ningependa kusema yote yalinyooka. Mwaka uliofuata deni liliongezeka, muuza dawa alisitisha kutuletea mzigo kwa wiki nne, na safu ya nne ikajaa kama ya 1981. Mtoto mmoja alifariki katika wiki hizo kwa kukosa dawa iliyokuwepo Bukavu. Ndipo nilipowaelewa walionitangulia waliofunga lango. Niliwaelewa, na bado sikulifunga. Sijui kama yule mama wa mtoto angekubaliana nami.

Kuanzia 2013 Kavumu ikajulikana kwa jambo ambalo singependa ijulikane kwalo. Usiku, watu waliingia katika nyumba za maskini wakachukua watoto wa kike wadogo, wengine hawajafika umri wa kuzungumza, wakawarudisha au kuwatupa shambani wakiwa wameharibiwa. Zaidi ya 40, hadi 2016. Desemba 2017 mahakama ya kijeshi iliyokuja kukaa hapahapa Kavumu iliwahukumu wanaume 11 kifungo cha maisha kwa uhalifu dhidi ya ubinadamu, mmoja wao mbunge wa jimbo. Watoto wengi walipelekwa hospitali ya Panzi kwa Dokta Mukwege. Lakini kabla ya Panzi kulikuwa na saa za kwanza, na saa za kwanza zilikuwa za usiku, na usiku ni wa muuguzi.

Mtoto wa kwanza niliyeelezwa habari zake alifikishwa kwetu saa kumi alfajiri mikononi mwa bibi yake. Dawa ya kuzuia virusi vya UKIMWI, isipoanzwa ndani ya saa 72, haisaidii; kila saa ina bei. Tulikuwa nayo, katika sanduku lake, limetolewa na shirika, limeandikwa vizuri. Lilikuwa ndani ya famasi. Famasi imefungwa. Mfamasia yuko nyumbani kwake Miti, na ufunguo uko mfukoni mwa suruali yake. Muuguzi wa zamu aliandika ripoti, na katika ripoti, bila kujua chochote juu ya daftari langu, alitumia neno lilelile nililoliandika mara tatu katika wiki moja ya mwaka wa 1980.

Nilisoma ripoti hiyo nimesimama. Nilikuwa nimekuwa titulere, direktris, AG. Nilikuwa na stashahada ukutani na pete ya funguo 19. Na ufunguo ulikuwa bado unalala upande wa pili wa barabara. Kabla ya saa sita mchana kulikuwa na kabati dogo la chuma katika wodi ya uzazi, na ufunguo wake umekabidhiwa zamu kwa zamu, kwa saini, kutoka mkono hadi mkono. Mfamasia aliniandikia barua ya kupinga, kwa sababu kanuni za ghala hazisemi hivyo. Alikuwa na haki. Kanuni hizo nilizitetea mimi mwenyewe mbele ya profesa. Barua yake niliiweka kwenye faili. Kabati likabaki wodini.

Nilistaafu 2019. Agosti 2024 Shirika la Afya Duniani lilipotangaza hali ya dharura kwa ajili ya mpox, hospitali ya Kavumu ilikuwa mojawapo ya mahali palipojaa wagonjwa, watoto wengi, wamelala wawili hata watatu kitanda kimoja. Nilikwenda kusimama nje ya uzio. Muuguzi kijana aliyetoka kupumua, barakoa imemchora mistari usoni, alinisalimu, nami nikamuuliza swali ambalo nadhani alilishangaa: usiku, nani ana ufunguo? Akaonyesha shingo yake. Februari 2025, tarehe 14, waasi wa M23 waliuchukua uwanja wa ndege, siku mbili baadaye wakawa Bukavu, na kwa mara nyingine maishani nikakaa ndani nimefunga mlango, nikiwawaza walio zamu.

Madaftari yaliyobaki ni 27. Wajukuu wamepewa amri wasiyaguse, nao huyagusa. Mmoja anayesoma uuguzi ameyapiga picha yote kwa simu yake, na majuzi ameniambia kwamba hospitalini kwao wameanza kuandika kwenye tableti, safu zimepangwa na mashine, nazo ni nyingi sana. Nikamuuliza kama kuna ile ya nne. Akasema ataangalia.

Ufunguo wa masera bado ninao, uzi wa bluu umekuwa kijivu. Kabati lenyewe liliporwa mwaka wa 1996.